Waleti ya kripto haina hela ndani

Juzi nimesikia tena. Shemeji kaja nyumbani jioni, kakaa kwenye kochi kama mtu aliyefiwa, simu imechomolewa kwenye daladala ya Mbagala, na kinachomliza wala sio simu, ni USDT alizokuwa nazo, zile sarafu za kidijitali (kripto) zinazofuata thamani ya dola. "Shem, waleti imeondoka na hela zote." Nikamuuliza yale maneno 12 ambayo programu inakupa siku ya kwanza, ya kurudishia funguo zako, uliyaandika mahali? Akasema ndio, yapo nyuma ya daftari la madeni la dukani. Akalifuata. Ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya deni la mchele na sabuni la jirani, maneno 12 ya Kizungu kwa kalamu ya bluu, moja limelowa maji hadi zimebaki herufi nne za mwanzo. Tukapakua programu ileile kwenye simu yangu ya zamani, tukaingiza neno moja moja, salio likatokea lote. Shemeji akaruka, "zimerudi!"

Hapo ndo nikasema bora niandike, maana hazikurudi popote. Hazikuwa zimeondoka.

Maana yenyewe ni fupi tu. Waleti ya kripto ni programu au kifaa kinachotunza funguo za siri na kutia saini miamala kwa funguo hizo. Sarafu hazimo ndani yake. Kilichopo ni daftari moja la pamoja ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, humo imeandikwa anwani fulani ina kiasi fulani, na anayeweza kuamuru kiasi hicho kihame ni mwenye ufunguo wa anwani hiyo, awe na kitambulisho au asiwe nacho, awe mwizi au awe wewe. Kwa hiyo simu iliyoibiwa ilikuwa na funguo, na daftari la madeni nalo lilikuwa na funguo zilezile kwa mwandiko mwingine. Basi, maana imeisha.

Shida iko kwenye jina. Kwa Kiingereza cha karne ya 14 hilo neno, wallet, lilikuwa mfuko wa msafiri, wa kubebea mkate na vikorokoro vya njiani, kitu cha karibu na mkoba wetu. Kile kipochi cha kukunja cha kuwekea noti kimekuja baadaye sana, karne ya 19, huko Marekani. Kwenye kripto jina limeingia kupitia faili. Satoshi Nakamoto alipoachia programu ya kwanza ya Bitcoin Januari 2009, funguo za mtumiaji zilikuwa zinahifadhiwa kwenye faili lililoitwa wallet.dat, na kwa jina hilo mtu akilinakili kwenye flashi ni rahisi kudhani ananakili sarafu, yani kama vile ukitoa fotokopi ya ufunguo wa nyumba unapata nyumba mbili. Angeliita faili la funguo tu, leo shemeji asingelia.

Sisi huku tumeharibikiwa zaidi kwa sababu neno lilitufikia likiwa na maana nyingine tayari. M-Pesa imeanza Kenya 2007, Tanzania 2008, na tukazoea kuita waleti ile akaunti ya kwenye laini. Pale nyuma yako kuna kampuni, hela halisi zimewekwa benki, ukisahau namba ya siri unapiga huduma kwa wateja, ukiibiwa simu unaenda kurudisha laini na salio unalikuta. Mtu kaichukua maana hiyo nzimanzima kaihamishia kwenye kripto, halafu siku maneno yake 12 yamepotea anauliza namba ya huduma kwa wateja. Hamna. Hamna wa kumpigia, na akitokea mtu Telegram anasema yeye ndo huduma kwa wateja na anaomba maneno yako ili "athibitishe waleti", huyo ni tapeli, usimjibu hata salamu.

Na wale wanaotafsiri "pochi ya kidijitali" nao hawajasaidia. Pochi kwa Mswahili ikidondoka imedondoka na vilivyomo.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni hiki: mtu kafungua akaunti kwenye soko la kripto, anaingia kwa barua pepe na nywila, anaona salio, anasema "mi nina waleti". Huna, mkuu. Una akaunti. Funguo anazo mwenye soko, we una dai. Tofauti hiyo wateja wa Mt. Gox kule Tokyo waliijua Februari 2014 soko lilipofunga na kusema kama bitcoin 850,000 hazionekani (baadaye zikaonekana kama 200,000 kwenye waleti ya zamani, sijui mtu anasahauje kitu kama hicho), na wateja wa soko lingine, FTX, wakaijua Novemba 2022 lilipoomba kufilisika. Na kabla ya hapo salio kwenye skrini lilikuwa linasomeka vizuri tu. Sisemi usiweke kitu huko, kama una laki mbili unanunua leo unauza kesho kwa shilingi, sokoni ndo mahali pake, ila iite akaunti ili kichwani ukumbuke kwamba kuna mtu katikati.

Sasa ukiniuliza waleti gani salama, hilo swali limekaa kama la kuuliza kabati gani imara. Uliza kuhusu funguo. Zimetengenezwa wapi, nani mwingine anaweza kuziona, na siku kifaa kikifa unazirudishaje. Programu nzuri inakupa maneno yako mwenyewe siku ya kwanza, msimbo wake uko wazi wataalamu wausome, ina miaka kadhaa mtaani, na unaipata kwa kuanzia kwenye tovuti yake sio kwa kutafuta jina Play Store na kubonyeza ya kwanza unayoiona, maana za kuigiza ni nyingi na nembo zinafanana. Hayo maneno mara nyingi yanafuata utaratibu wa 2013 unaoitwa BIP39: orodha ya maneno 2048, la kwanza abandon la mwisho zoo, na yamechaguliwa kwa akili, herufi nne za mwanzo za neno moja hazifanani na za lingine lolote. Ndo maana lile neno la shemeji lililolowa lilitosha. Kwa Kiswahili orodha rasmi hakuna, kwa hiyo andika hilohilo la Kizungu kama lilivyo, usilitafsiri eti ulikumbuke vizuri.

Kiasi kikiwa kikubwa, cha kukukosesha usingizi, kuna vifaa kama Trezor ya Ucheki au Ledger ya Ufaransa. Ufunguo unazaliwa humo na kazi yake inaishia humo, simu inapeleka muamala, kifaa kinatia saini ukibonyeza kwa kidole chako. Nunua kipya kwa wenyewe. Ukifungua boksi ukakuta karatasi yenye maneno yameshachapwa tayari, rudisha, hizo funguo ni za mtu anayesubiri uweke hela.

Na skrinshoti za maneno, jamani. Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kirusi walichokiita SparkCat, kilikuwa ndani ya programu za kawaida kwenye Google Play na hata App Store, kinaomba ruhusa ya picha halafu kinasoma maandishi kwenye picha zako kikitafuta maneno hayohayo. Karatasi haina tatizo hilo. Karatasi ina panya na maji, ndio, kwa hiyo ziwe mbili, nyumba mbili tofauti.

Turudi kwa shemeji. Hatukuishia kushangilia, kwa sababu yule mwizi bado ana simu yenye funguo zilezile na akiifungua tu kazi imekwisha. Tukatengeneza waleti mpya, maneno mapya, tuhamishie huko, tukakwama: USDT zake ziko kwenye mtandao wa Tron na hana hata TRX moja, sarafu ya mtandao huo, ya kulipia ada, imebidi nimtumie za kwangu, roho mkononi, kila dakika anaangalia salio kama bado lipo. Likahama.

Bado anasema "hela zangu ziko kwenye simu", na simkatizi, na mimi nasema jua limezama wakati najua halizami. Nimemwomba mawili tu. Ile ya sokoni aiite akaunti. Na ile nyingine aiite waleti kama mazoea yamemshinda, ila akiulizwa iko wapi, asinyooshe kidole kwenye simu, na kwenye daftari la madeni asinyooshe pia, maana maneno mapya hatukuyaandika humo.