Je, Wajua? Malaika aliyeumbwa mwema aliwezaje kuwa Shetani?

Mtoto anayefundishwa dini huliuliza mapema swali hili: kama Mungu aliumba kila kitu, na kila kitu kikawa chema sana kama isemavyo Mwanzo 1:31, Shetani aliumbwa na nani? Kwa kawaida hujibiwa kwa kisa. Palikuwa na malaika mzuri kupita wote, jina lake Lusifa, akajivuna, akataka kiti cha Mungu, akatupwa chini pamoja na wenzake. Kisa hicho nami nilisimuliwa. Nilipokua nikakitafuta kwenye Biblia yangu ya Kiswahili, sikukikuta, na hata jina Lusifa halikuwamo.

Vilivyomo ni vipande. Katika Luka 10:18 Yesu anasema alimwona Shetani akianguka kutoka mbinguni kama umeme. Waraka wa Yuda na ule wa Pili wa Petro hutaja malaika waliokosa, wakafungwa gizani kungoja hukumu. Ufunuo 12 una vita ya Mikaeli na yule joka, ila ukiisoma sura hiyo taratibu utaona vita inakuja baada ya mtoto kuzaliwa na kunyakuliwa kwa Mungu. Haisemi popote kwamba mambo hayo yalitukia kabla ya Adamu. Sisi ndio tuliovishona vipande hivi vikawa simulizi moja.

Na Lusifa je? Isaya 14 ni shairi la kumsuta mfalme wa Babeli, na nabii mwenyewe anamtaja katika mstari wa 4. Mstari wa 12 unamfananisha na nyota inayong'aa kabla ya mapambazuko kisha ikazimwa na jua; Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema, "Ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi." Yeronimo alipoifasiri Biblia kwa Kilatini, miaka ya mwisho ya karne ya 4 na ya mwanzo ya karne ya 5, alitumia neno la kila siku la nyota hiyo, yaani sayari ya Zuhura: lucifer, mleta nuru. Wakati huo halikuwa na ubaya wowote. Katika karne hiyohiyo ya 4 kulikuwa na askofu wa Cagliari, kisiwani Sardinia, aliyeitwa Lucifer, na ule wimbo wa Kilatini wa mshumaa wa mkesha wa Pasaka unamwita hivyo Kristo mwenyewe, nyota ya asubuhi isiyojua kutua.

Aliyeiunganisha nyota ya Isaya na Shetani kwa hoja nzito ni Origen wa Aleksandria, mwanateolojia wa karne ya 3. Alisema maneno hayo ni makubwa mno kumwenea mfalme wa duniani. Aliisoma hivyohivyo Ezekieli 28, inayomwambia mfalme wa Tiro kwamba alikuwa Edeni. Mimi sioni kwamba alikosea kabisa. Manabii huona nyuma ya kiburi cha mtawala kiburi kikubwa zaidi, na anayetaka kuketi juu ya nyota za Mungu hafanyi jambo jipya. Ila tofauti kati ya andiko na tafsiri yake ni lazima tuijue, hasa tunapofundisha watoto.

Kabla ya hapo Wakristo wengi walikuwa na simulizi nyingine. Mwanzo 6 inataja "wana wa Mungu" waliotwaa wake katika binti za wanadamu, na Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodox la Ethiopia hukihesabu ndani ya Biblia yake, kinaeleza kwa kirefu: malaika 200 walishuka juu ya Mlima Hermoni, wakala kiapo pamoja, wakaoa wanawake na kuwafundisha wanadamu kufua silaha. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, aliuelewa uasi wa malaika kwa njia hiyo. Lakini simulizi hiyo haikidhi swali letu, kwa sababu nyoka yuko bustanini tangu Mwanzo 3. Uovu ulikwisha kufika.

Aliyeuingia mzizi wa jambo ni Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mahali ambapo leo ni Algeria. Ujanani alikaa miaka tisa hivi na Wamani, waliofundisha kwamba tangu milele kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana. Fundisho hilo lilimpa nafuu, maana lilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Alipoliacha, akabaki na swali likiwa wazi: kama chanzo ni kimoja, nacho ni chema, ubaya umepenya wapi?

Jibu lake ndilo msingi wa mafundisho ya Kikristo ya Magharibi hadi leo. Ubaya si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu katika kitu chema. Fikiria tundu kwenye nguo: halina uzi wake lenyewe, na nguo ikiisha nalo limekwisha, lakini baridi inayopita hapo ni baridi kweli. Kwa hiyo hata Shetani, kwa kuwa yupo, ana akili na ana nguvu, amebaki na vipawa alivyopewa na Mungu. Kilichoharibika ni utashi wake. Alitazama uzuri aliopewa, akaishia hapo, asiinue macho kwa aliyempa.

Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu huko Roma, uliliweka hili kuwa fundisho rasmi mwaka 1215, wakati Wakathari, kundi la kidini la kusini mwa Ufaransa, walipokuwa wakisema kwamba ulimwengu huu wa vitu ni kazi ya mwovu. Mababa wa mtaguso walitamka kwamba Ibilisi na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, wakawa wabaya kwa kutaka kwao wenyewe. Basi kwa nini Shetani asitubu? Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alijibu kwamba malaika hajifunzi polepole kama sisi. Huona jambo zima mara moja, akaamua mara moja, na uamuzi wake haugeuki. Hapo kwangu ni pagumu kuliko pote.

Lakini nani aliugeuza utashi huo mara ya kwanza, huko ambako hapakuwa na mjaribu? Agostino alisema kuitafuta sababu yake ni kama kutaka kuliona giza au kuusikia ukimya. Karne ya 11 mtawa na mwanateolojia Anselm aliandika mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi juu ya kuanguka kwa Ibilisi. Mwanafunzi hakubali kuachwa njiani. Anauliza na kuuliza tena: kwa nini alitaka asichopaswa kukitaka? Mwalimu anajibu kwamba hakuna sababu iliyotangulia. Alitaka kwa kuwa alitaka. Jibu hilo liliniudhi kwa miaka mingi, mpaka nilipoona kwamba sababu nyingine yoyote ingekuwa udhuru wake, na ukiufuata udhuru huo hatua kwa hatua unamfikia Muumba.