"Usiguse Kiota, Mama Atasusa": Uongo Ninaousikia Kila Aprili

Simu ya kwanza ya Aprili huwa ileile. Mtu amesimamisha mlingoti uani, ametundika vibuyu vya ndege kutagia, na mbayuwayu wa zambarau (purple martin) wamemjazia uwanja hadi majirani wanasimama kutazama. Namuuliza mara ya mwisho ameshusha vibuyu lini kuangalia ndani. Kimya. Halafu: "Kaka, vishushwe tena? Si watasusa?"

Niko Texas, upande wa Houston, na kila msimu shughuli yangu ni kusimamisha milingoti hii kwenye nyua za watu na kuwashauri wenyewe. Kwangu nina vibuyu 36 kwenye milingoti mitatu. Nimesikia imani hii kwa mzee wa Kimarekani aliyefuga mbayuwayu tangu ujana wake, nimeisikia kwa Mkenya tunayesali naye, nimeisikia kwa jirani yangu Mkongomani. Na mimi mwenyewe nimekulia Tanga nikiambiwa na bibi kwamba ukimshika kinda, mama yake atanusa jasho la mkono wako na hatarudi tena. Siku hizi nadhani bibi alikuwa na haja yake: alitaka tushuke kwenye mwembe kabla hatujavunjika mikono. Kwa kulinda wajukuu, maneno yale yalifaa sana. Kwa kulinda ndege hayafai kitu, na hapa yanaua.

Mbayuwayu wa zambarau hamsusi kinda kwa sababu mkono wa mtu umepita. Huyu ni ndege aliyezoeana na watu kwa vizazi na vizazi. Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wakimtundikia vibuyu vilivyotobolewa zamani, na leo, mashariki ya Milima ya Rocky, karibu wote wanataga kwenye vibuyu na nyumba zilizowekwa na binadamu. Wale wa magharibi bado wanajitafutia, kama wa jangwa la Arizona wanaoingia kwenye matundu yaliyochimbwa na vigogota ndani ya madungusi makubwa ya saguaro. Wa kwetu huku ni wapangaji. Ukishusha kibuyu watazunguka juu ya kichwa chako wakikulalamikia, na ukikipandisha, wengine wanaingia kabla hujafunga kamba.

Wanachosusa ni kingine. Bundi akipitisha kucha mlangoni usiku, watahama. Nyoka akipanda mlingoti usio na kinga, watahama wale waliobaki. Baridi ikikaa siku tatu nne bila mdudu hata mmoja kuruka, wazazi wanashindwa kulisha. Utitiri ukijaa kwenye kiota, makinda wanaruka nje kabla ya wakati wao. Sasa niambie, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha uani na darubini, ukiogopa kugusa, utajuaje lipi kati ya hayo limeingia?

Msimu mmoja niliitwa na mteja mwenye vibuyu 24. Aliniambia kwa fahari kwamba hajavigusa tangu Machi, "nawaachia faragha yao." Malalamiko yake ni kwamba ndege walikuwa wengi na sasa wamepungua, hajui kwa nini. Tulishusha. Vibuyu saba vilikuwa vimejaa nyasi kavu, manyoya ya kuku na vipande vya mifuko ya plastiki, yaani nyumba za shomoro, na chini ya nyasi za viwili kulikuwa na mayai ya mbayuwayu yaliyotobolewa. Viwili vingine vilikuwa vimeingia mvua, makinda wamekufa kwenye matope ya kiota chao wenyewe. Kimoja kilikuwa na makinda wanne hai, lakini ukiweka kidole mlangoni unaona utitiri unapanda mkono kama vumbi linalotembea. Yule mteja alikaa chini kwenye nyasi. Sikumwambia neno, ingawa nilikuwa nalo.

Kwa hiyo, kukagua. Wenye vibuyu vinne wanaweza kubahatisha, mwenye thelathini hawezi. Kila kibuyu kiwe na namba iliyoandikwa kwa rangi, na namba hiyo iwe na mstari wake kwenye daftari. Mimi nakagua kila siku ya tano. Wengine wanafanya kwa wiki, si vibaya, ila siku tano zinamnyima shomoro nafasi ya kumaliza kujenga. Nenda asubuhi ikishachangamka au mchana, siku kavu, isiyo na upepo wa baridi. Alfajiri waache, ndiyo saa ya kutaga. Mlingoti wenye roda unashusha vibuyu vyote kwa mkupuo mmoja kama bendera, na kibuyu kimoja hakichukui dakika.

Jambo moja wanalolisahau hata wazoefu: vibuyu virudi juu vikiangalia kulekule vilikokuwa vinaangalia. Mbayuwayu anakumbuka mahali pa mlango wake, hasomi namba yako. Ukirudisha fremu inayobeba vibuyu imegeuka robo duara, kumi na wawili wataingia nyumba za wenzao, na vita utakavyoviona hapo umevileta wewe. Piga alama ya rangi kwenye mlingoti na kwenye fremu, ukilinganisha alama umemaliza.

Kwenye daftari unaandika nini? Majike wanataga yai moja kwa siku, kwa kawaida manne hadi sita. Wanalalia kama siku 15 au 16. Makinda wanaruka wakiwa na siku 26 hadi 32. Ukijua siku ya yai la kwanza, kalenda inabaki kuwa hesabu ya darasa la tatu. Yai likipitiliza wiki bila kuanguliwa, lina kasoro. Kinda aliyekufa anatolewa siku hiyohiyo, kabla mainzi hawajafika. Kiota kilicholowa au chenye utitiri kinabadilishwa: makinda kwenye ndoo yenye kitambaa, takataka zote nje, maranda makavu ndani, unatengeneza kishimo kwa ngumi, makinda wanarudi. Mimi nabadilisha wakiwa na siku kama kumi, na mara nyingine tena kabla ya ishirini. Na tafadhali usipulize dawa ya kuua wadudu. Maranda ya mfuko mmoja wa duka la mifugo yanatosha mlingoti mzima, na hayajamdhuru kinda yeyote.

Sasa, ile hofu ya bibi ina mahali pake pamoja pa haki, na ni ajabu kwamba hapo ndipo watu hawaogopi. Kinda akifikisha siku 22, acha. Si kwa sababu ya mama. Kwa sababu ya kinda mwenyewe: sasa ana manyoya, anajiona mkubwa, ukifungua mlango anaruka, na mabawa hayajawa tayari. Daftari ndilo linalokuonya. Asiye na daftari huja kwangu Juni akiwa amefungua kibuyu "kidogo tu nione" na makinda watano wametawanyika kwenye majani ya jirani mwenye paka.

Na aliyeanguka? Mrudishe, kwa mkono wako huohuo wenye jasho. Kama kwao hapajulikani, mtafutie kiota chenye makinda wa umri wake. Umri ndio wa kuzingatia, maana akiwekwa na wakubwa atazibwa mdomo hadi afe njaa. Wazazi wa kule hawahesabu vichwa. Mdomo uliofunguka kwenye kiota chao unalishwa.

Nikishamaliza hotuba hiyo, swali la pili ni mbu. Binamu yangu aliyeko Kisumu aliwahi kuniambia, kwa umakini kabisa, niwatume jozi mbili wakamalize malaria. Hii imani ya kwamba mbayuwayu mmoja anakula mbu 2,000 kwa siku ilienezwa sana miaka ya 1960 na J. L. Wade wa Griggsville, Illinois, aliyekuwa akiuza nyumba za aluminiamu za ndege hawa. Biashara nzuri. Mwaka 1968 mtaalamu wa ndege Herbert Kale akaichambua hoja hiyo kitaalamu, na mbu hawakuonekana kuwa chakula cha maana. Sababu haihitaji shahada: mbu wengi wanatoka maguguni giza linapoingia, karibu na ardhi, na mbayuwayu huyu anawinda mchana, juu sana. Anachorudi nacho mdomoni ni kereng'ende, mbawakawa, nyigu, vipepeo na kumbikumbi wa siafu moto, wale sisimizi wekundu wanaotutesa Texas. Kereng'ende mwenyewe anakula mbu. Binamu alale kwenye chandarua.

La tatu ni "wapelelezi." Watu wanasema kwamba mwishoni mwa Januari kundi lililoko Brazili linatuma wapelelezi waje kuangalia kama nyumba yako ni safi, kisha warudi kuwaita wenzao. Hakuna anayerudi kumwita mtu. Anayefika kwanza ni ndege mzima aliyeshawahi kuzaa, anawahi achukue nafasi nzuri kabla ya wengine, na anabahatisha na hali ya hewa kwa hesabu yake mwenyewe. Februari 2021 barafu ilipoifunika Texas, waliowahi wengi walikufa juu ya milingoti. Vijana wa mwaka uliopita huja wiki nyingi baadaye, na hao ndio wanaotafuta mahali papya. Kwa hiyo kama una nyumba mpya na hujapata mpangaji hadi Machi, usiing'oe. Wako hawajafika.

Shomoro. Hapa mara nyingi naombwa huruma: "Na wao si ndege wa Mungu?" Ni wa Mungu, ila ni wa Mungu wa upande mwingine wa bahari. Ni yuleyule shomoro wa mijini aliyejaa Mombasa na Unguja. Marekani aliachiwa Brooklyn miaka ya mwanzo ya 1850. Kwezi wa Ulaya naye akaachiwa Central Park, New York, mwaka 1890. Sheria ya mwaka 1918 inayowalinda ndege wahamao inamlinda mbayuwayu, haiwalindi hawa wawili. Kwezi unaweza kumpunguza kwa mlango wa nusu mwezi, wenye kimo cha inchi 1 na 3/16, maana kifua chake hakipiti vizuri. Shomoro anapita bila kuinama. Na ukimvunjia kiota tu bila kumkamata dume, umemkasirisha: atahamia kibuyu cha jirani na kutoboa mayai. Weka mtego, na mtego wa ndani ya kibuyu usiuache bila kuutazama, usije ukamnasa mbayuwayu ukamwacha juani.

Kuna anayeweka mtama kwenye kisahani akingoja mbayuwayu waje. Hawali nafaka. Wanakula wadudu wakiwa angani, hata maji wanayachota wakiruka juu ya bwawa. Kitu pekee ninachowawekea kwenye sahani ni maganda ya mayai ya kuku, yaliyookwa na kupondwa, kwa ajili ya kalisiamu. Majike wakati wa kutaga huyagombea. Baridi ikiwashika kwa siku kadhaa, wapo wanaorushia nyenje hewani kwa kijiko hadi ndege wajifunze kudaka. Ni kazi ya kuchekesha kuitazama, na inaokoa.

Halafu yule aliyetundika nyumba chini ya mwaloni "wapate kivuli." Hao wapangaji hawatakuja. Wanataka anga wazi, angalau futi 40 kutoka mti mrefu wowote, na karibu na nyumba yako wewe, kwa sababu kipanga huogopa mlango unaofunguliwa na watoto wanaopiga kelele. Kivuli chao ni rangi nyeupe ya kibuyu. Na mlingoti wowote, hata kama huamini kuna nyoka mtaani kwenu, uvalishwe kinga ya bati chini ya futi sita. Nyoka mla panya hapandi kwa kelele. Utajua amepanda utakapohesabu, na kama huhesabu, hutajua.

Julai hivi wanaanza kupungua uani. Wateja wapya wananipigia kwa huzuni kwamba wamewakosea nini. Hamjawakosea. Wanakwenda kulala kwa makundi kabla ya safari ya Amerika Kusini. Ukitaka kuwaona, ulizia wanapolala msimu huo na uende jua linapozama; kwa miaka walishuka kwa maelfu kwenye miti ya maegesho ya maduka kule Stafford, karibu na Houston. Usivae kofia unayoipenda. Ukirudi nyumbani shusha vibuyu, toa maranda ya zamani, osha kwa maji yenye dawa ya madoa, kausha, na ziba milango. Shomoro hasafiri, na nyumba tupu hataipita.