Azimio la Pongezi kwa Mzee wa Miaka 100: Kinachofanya Ombi Lirudishwe

Malalamiko kuhusu maazimio ya Bunge ya kuwapongeza wazee hufanana. Familia imeshalipia ukumbi na wageni wamealikwa, lakini siku ya sherehe inafika azimio halijasomwa. Lawama humwendea mbunge au Spika, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye karatasi zilizowasilishwa. Azimio likishapitishwa huingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na miaka hamsini baadaye litasomwa na watu ambao hawakumjua mzee huyo hata kwa sura. Ndiyo maana kila neno lake hudaiwa ushahidi.

Umri ndio unaorudisha maombi kuliko kitu kingine. Aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1926 aliingia mwaka wake wa 100 tarehe 4 Mei 2025, lakini anatimiza miaka 100 tarehe 4 Mei 2026. Kuingia si kutimiza. Hili limeshaelezwa mara nyingi, na bado maombi huletwa mwaka mzima kabla ya wakati. Wapo pia wanaohesabu kwa kalenda ya Hijria: miaka 100 ya Hijria ni takriban miaka 97 ya kalenda ya kawaida. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila ombi lifuate kalenda moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kama tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari, ulizeni kwanza: wasajili wengi waliiandika tarehe hiyo kwa mtu aliyejua mwaka tu. Siku isipojulikana, andikeni mwaka peke yake. Msibuni siku.

Cheti kimoja hakitoshi. Katika baadhi ya familia mtoto akifariki mchanga, anayemfuata hupewa jina lilelile, na cheti kilichohifadhiwa kinaweza kuwa cha marehemu. Kwa hiyo inafaa kuleta nyaraka tatu za vipindi tofauti: ya utotoni, kama usajili wa kuzaliwa au daftari la ubatizo, ya utu uzima, kama cheti cha ndoa au rekodi ya ajira, na ya sasa, kama kitambulisho au kitabu cha pensheni. Majina, wazazi na mahali pa kuzaliwa vilingane katika zote tatu. Visipolingana, kiapo kieleze sababu.

Afisa wa Bunge akiomba kumwona mzee ana kwa ana, tafadhali msikasirike. Mwaka 2010 nchini Japani, mzee aliyeandikwa kuwa na miaka 111 alikutwa alishafariki takriban miaka 30 nyuma. Ukaguzi uliofuata ulionyesha kuwa zaidi ya watu 230,000 walioandikwa kuwa na miaka 100 au zaidi hawakujulikana waliko. Vifo na kuhama havikuwa vimeripotiwa, basi madaftari yakaendelea kuhesabu.

Upande wa utumishi kwa jamii, sentensi kama “alipenda watu na alikuwa nguzo ya kijiji” haitumiki, kwa kuwa haina cha kuthibitisha. Andikeni tendo, mahali, miaka na idadi: “alifundisha watu wazima kusoma kila Jumamosi, 1987 hadi 2003.” Wapatikane mashahidi wawili wasio ndugu wa mhusika. Anayeona masharti haya ni makali akumbushwe yaliyotokea katika jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1971. Mbunge mmoja alitaka kuonyesha kwamba wenzake hawasomi wanachopitisha. Akawasilisha azimio la kumsifu Albert DeSalvo, aliyejulikana kama muuaji wa Boston, kwa lugha ya heshima tupu, na Baraza la Wawakilishi likalipitisha bila kupinga. Baadaye aliliondoa mwenyewe. Azimio lisilokaguliwa huwavunjia heshima hata waliostahili.

Muundo wenyewe hauna ugumu. Aya za utangulizi huanza na “KWA KUWA”, kila aya ikibeba jambo moja. Kisha huja “HIVYO BASI, Bunge linaazimia”, na hatimaye agizo la nakala ya heshima kwa mhusika. Azimio la namna hii halina nguvu ya sheria. Halileti fedha, pensheni wala msamaha wa kodi.

Angalieni ratiba ya vikao kabla ya kuchapa kadi za mwaliko. Bunge la Texas, kwa mfano, hukutana kwa kikao cha kawaida kisichozidi siku 140, na katika miaka isiyogawanyika kwa mbili tu. Mzee anayetimiza miaka 100 mwaka 2026 hataangukia kikao hicho. Cheti chenye saini ya mbunge kinaweza kutolewa wakati wowote, lakini hicho si azimio. Vivyo hivyo kadi ya Mfalme wa Uingereza ya miaka 100: hutoka kwa Mfalme, wala si kwa Bunge. Nyaraka zifike angalau wiki sita kabla.

Kughushi cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya pongezi ni kughushi kama kwingine, na jalada huenda polisi. Azimio lililopatikana kwa uongo linaweza kufutwa, na ufutaji nao huandikwa kwenye Hansadi kwa jina la yuleyule mzee, ambaye pengine hakujua lolote. Azimio haliuzwi. Anayedai malipo ya “kuharakisha” aripotiwe.

Mzee mwenyewe lazima akubali. Hansadi iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo msiandike namba ya kitambulisho, anwani, maradhi wala tarehe za kuzaliwa za wajukuu. Akifariki kabla ya azimio kusomwa, ofisi ya Bunge ijulishwe siku hiyohiyo, maana azimio la pongezi litaandikwa upya kuwa la rambirambi.

Mwisho, muulizeni jina analotaka kuitwa, liandikeni kwa herufi kubwa, na chini yake ligaweni kwa silabi kwa ajili ya karani. Husomwa kwa sauti mara moja tu.