Gilasi ya mshumaa ikiisha nta, tazama kwanza kifuniko

Zamani hapa Tanga mshumaa ulikuwa wa siku umeme umekatika: unasimamishwa kwenye kisahani, ukiisha umekwisha. Siku hizi watu wanatunzana mishumaa ya harufu kwenye harusi na wanapohamia nyumba mpya, ndani ya gilasi nene nzuri ambayo hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Mimi kazi yangu ni kupanga na kupamba nyumba, na kuanzia Raskazone hadi Ngamiani nakutana na swali lile lile: "Dada, nitie nini humu?"

Jibu langu linaanzia kwenye kifuniko. Picha nyingi tunazoiga mitandaoni zimepigwa kwenye nchi zenye hewa kavu, ambako gilasi wazi iliyojaa vitu vidogo inakaa miezi bila shida. Sisi bahari iko mlangoni. Sindano ikiachwa wazi inashika kutu, na udi ule wa kupikwa na sukari unavuta unyevu mpaka vipande vinagandana kuwa bonge. Kwa hiyo gilasi yenye kifuniko chenye ukanda wa mpira ndiyo ya thamani kuliko zote, hata kama sura yake si kitu. Hiyo itie udi na ubani. Ikiwa ni ya kioo cha rangi ya kahawia, bora zaidi.

Kifuniko cha bati kisicho na mpira hakizuii hewa vizuri, lakini kinatosha kwa vifungo, pini za mtandio, pete na vibanio vya nywele. Ukitaka kuweka sindano, tia pamoja nazo vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Gilasi isiyo na kifuniko iwe ya kalamu, brashi za vipodozi na penseli za wanja. Vijiti vya pamba vya masikio vina urefu wa kama sentimita 7.5, hivyo gilasi ya kimo cha kati inavimeza karibu vyote na kuacha vichwa tu juu. Inapendeza.

Iliki na karafuu, hapana. Najua zinavyovutia nyuma ya kioo, hasa zile zinazoshuka kutoka Amani, kule milima ya Usambara. Lakini gilasi hii haikutengenezwa kwa chakula, na harufu ya mshumaa hujificha kwenye mpira wa kifuniko hata baada ya kuosha. Chupa za jamu zipo, zitumie hizo. Na tafadhali, isigeuzwe chetezo. Kaa la moto juu ya kioo litakipasua, na zulia ndilo litakalolipa.

Usafi sasa. Usiuchome mshumaa mpaka tone la mwisho. Nta ikibaki kama sentimita 1, zima, kwa sababu moto ukifika chini kioo kinapata joto kisilolimudu. Nta nyingi za mishumaa hii huyeyuka kati ya nyuzi 45 na 65 za Selsiasi, kwa hiyo maji ya kutokota hayana kazi hapa. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, simamisha gilasi juu yake, kisha mimina maji ya moto pembeni yafike usawa wa nta. Ikilainika, ng'oa kile kibati kilichoshika utambi kwa kisu butu, imwage nta kwenye gazeti na ufute kioo kungali na joto. Wapo wanaotumia friza: nta husinyaa ikiganda na hutoka kipande kizima. Sawa, ila gilasi iliyotoka kwenye friza usiitie maji ya moto. Nta isiende kwenye sinki kamwe, itaganda ndani ya bomba. Inawasha jiko la mkaa vizuri sana, mradi uache harufu ya vanila iishe kabla ya kubandika ubwabwa.

Gundi ya lebo ipake mafuta ya nazi, iache nusu saa, kwangua, halafu osha kwa sabuni ya vyombo.

Kioo kikibaki na makovu, kizungushie kamba ya katani. Sioni sababu ya mtu wa Tanga kununua kamba ya mapambo kutoka nje, wakati mkonge ulioletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, miche 62 tu ikiwa imesalimika njiani, umeenea mkoa mzima. Anza chini, paka gundi kidogo kidogo, na usizidishe theluthi moja ya kimo ili kioo kiendelee kuonekana. Hii ni ya sebuleni au chumbani. Bafuni katani hunywa maji na kuota ukungu. Zipange gilasi tatu za vimo tofauti juu ya sinia moja. Zikifika saba kabati linaanza kufanana na duka la dawa.

Kama gilasi ni nzuri na kifuniko kimepotea, seremala atakutolea kipya kwenye masalio ya mninga. Mpelekee gilasi yenyewe badala ya vipimo, na umwambie aache nafasi kidogo, kwa kuwa mbao huvimba wakati wa masika na kifuniko kilichobana Januari hutakifungua Aprili.