Asiyekutazama machoni si lazima awe anadanganya

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mwongo hujulikana kwa macho: akiinamisha uso au akipapasa shingo, basi ana jambo. Lakini matokeo ya tafiti nyingi yakijumlishwa, watu hutambua ukweli na uongo kwa usahihi wa wastani wa mara 54 kati ya 100, karibu sawa na kurusha shilingi. Hofu, aibu na uchovu huleta dalili zilezile. Na kwetu, mtoto akiulizwa na babu yake huangalia chini kwa adabu tu. Mwongo mzoefu naye aweza kukukazia macho bila kupepesa.

Jaribuni nyumbani: kila mmoja asimulie kisa, cha kweli au cha kubuni, na wengine waandike makisio yao kabla ya jibu kutolewa. Kwenye jambo zito, uliza vitu vinavyothibitika: risiti, saa, nani alikuwepo.