Roho Mtakatifu Hakatai Mpango wa Miezi Mitatu

"Mchungaji, ukishaandika masomo ya miezi mitatu mbele, Roho atapitia wapi?" Swali hili huja kila mpango mpya wa sakiti, yaani kundi la makanisa yanayopangiwa wahubiri pamoja, unapobandikwa ukutani, na mara nyingi anayeuliza ni mtu mwaminifu anayeipenda ibada. Mara hii nalijibu kwa kirefu, maana mlangoni, watu wakipeana mikono, halijibiki.

Wanaouliza hushika Marko 13:11: msitafakari kwanza mtakayosema, mtapewa saa ile ile. Mstari huo usomwe kuanzia ule wa 9. Yesu anasema na watu watakaopelekwa mabarazani, watakaopigwa katika masinagogi na kusimamishwa mbele ya wafalme. Mtu aliyekamatwa hana nafasi ya kuandaa utetezi, ndiyo maana ameahidiwa Roho. Mhubiri aliyejua tangu mwezi wa tano kwamba atapanda mimbarani Jumapili ya tatu ya Julai hajakamatwa na mtu. Kuichukua ahadi ya mfungwa na kuifanya ruhusa ya kutofungua Biblia hadi Jumamosi usiku ni kuwanyang'anya andiko wenyewe. Tena Luka 4:17 inasema Yesu alipoingia sinagogi la Nazareti alipewa chuo cha nabii Isaya. Alikipokea, akakifungua, akasoma. Roho wa Bwana alikuwa juu yake huku mikononi ameshika maneno yaliyoandikwa karne nyingi kabla.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, naye huvutwa kwenye hoja hii kama shahidi wa upande usio wake. Ni kweli alihubiri makondeni tangu 1739 na aliomba bila kusoma. Lakini mwaka 1784 aliwaandalia Wamethodisti wa Amerika kitabu cha ibada ya Jumapili, alichokifupisha kutoka kitabu cha sala cha Waanglikana, na katika barua ya tarehe 10 Septemba mwaka huo akashauri watumie liturujia, yaani ibada iliyoandikwa, Jumapili, litania, yaani maombi ya kuitikiana, Jumatano na Ijumaa, na siku nyingine zote waombe maombi yasiyoandikwa. Alishika vyote viwili, na kila kimoja alikipa siku yake.

Sasa tuulize kutopanga kunamgharimu nani. Mhubiri mzoefu hagharimiki, ana akiba ya maneno. Wanaoumia ni kwaya, ambayo wimbo mpya huichukua mazoezi ya majuma matatu au manne. Ni mwalimu wa Shule ya Jumapili mwenye watoto arobaini na hana hata picha moja. Ni msomaji anayeitwa ibada ikiendelea, akapewa Nehemia 8 na yale majina ya mstari wa 4, akajikwaa mbele ya watu wote, na safari nyingine akiitwa hainuki. Na ni kusanyiko lenyewe, kwa sababu mhubiri asiyepangiwa andiko hurudi kwenye yale yale: Zaburi 23, Yeremia 29:11, Malaki 3:10, kisha Zaburi 23 tena. Anaamini Roho ndiye aliyempa. Mimi naona ni mazoea, na nasema hivyo nikiwa sina shaka.

Mpango wenyewe huanza na hesabu, sala ikiwa imetangulia. Tuseme sakiti ina makanisa tisa na mchungaji mmoja aliyewekwa wakfu. Miezi mitatu ina Jumapili 13. Ukitaka kila kanisa lipate Ushirika Mtakatifu mara moja kwa mwezi, unahitaji ibada 27 za Meza. Mchungaji akifanya mbili kila Jumapili, saa mbili asubuhi hapa na saa tano kule, anafika 26. Moja imebaki, na bado hajaugua, hajaitwa sinodi, barabara haijakatika. Kwa hiyo tarehe za Ushirika ndizo huandikwa kwanza kabisa, kwa kufuata umbali wa makanisa. Anayeziandika mwisho hujikuta na makanisa mawili yaliyo ncha mbili za sakiti, yote saa nne. Zikifuatwa na ubatizo, kipaimara, mavuno, na Ibada ya Agano, ile ya kurudia ahadi zetu kwa Mungu, kama ni robo ya Januari, ndipo unawagawa wahubiri. Mhubiri asirudi kanisa moja Jumapili mbili mfululizo. Anayejifunza asiende peke yake. Huku kwetu Umethodisti ulioanzia Ribe, pwani ya Kenya, mwaka 1862 umebebwa na wahubiri wasiovaa kola, yaani wasiowekwa wakfu, na karatasi hii ndiyo inayowaheshimu: inamwambia fundi cherehani au mwalimu wa shule, majuma sita kabla, wapi atasimama na andiko gani atalibeba.

Masomo nayatoa kwenye kalenda ya masomo ya pamoja, yaani orodha ya masomo ya Biblia ya kila Jumapili inayotumiwa na makanisa mengi, ile iliyotolewa mwaka 1992, ya miaka mitatu: Mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka, na Yohana ametawanywa humo hasa Kwaresima na Pasaka. Mwaka huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio. Hapa ndipo penye kosa linalonikera kuliko yote, na hulifanya hata waliosoma chuo: mhubiri anaona masomo manne yamepangwa pamoja, anaamini kuna uzi uliofichwa unaoyafunga yote, anautafuta juma zima, asipouona anausokota mwenyewe. Baada ya Pentekoste uzi huo haupo! Waraka unasomwa kwa mfululizo wake, juma hadi juma. Injili nayo ina mfululizo wake. Agano la Kale lina njia mbili: ya kwanza inafuata hadithi kwa mfululizo, ya pili inachagua somo la kulingana na Injili. Ukichukua ile ya kwanza, kinacholingana na somo la Agano la Kale ni zaburi tu, kwa sababu zaburi imewekwa iwe itikio la kusanyiko kwa somo hilo.

Chukua Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 17 na 23 Julai, Mwaka A. Ni Mwanzo 28:10-19, Zaburi 139:1-12 na 23-24, Warumi 8:12-25, na magugu katika ngano kutoka Mathayo 13. Mhubiri atahangaika kuoanisha ngazi ya Yakobo na magugu, na atakachopata ni mahubiri mawili yaliyoshonwa kwa kamba. Hebu aweke magugu kando, asome zaburi baada ya Mwanzo, taratibu. Yakobo anakimbia nyumbani, jua limemchwea porini, anachukua jiwe analiweka chini ya kichwa. Anaota ngazi imefika mbinguni. Anaamka anakiri kwamba Bwana yuko mahali pale na yeye hakujua. Kisha kusanyiko zima linaitika: "Kama ningepanda mbinguni, Wewe uko, Ningefanya kuzimu kitanda changu, Wewe uko." Mbingu ya ngazi na kitanda cha jiwe vimejibiwa katika mstari mmoja, na mkimbizi anasikia kwamba hakumkimbia Mungu. Anayeruka zaburi ili kuokoa dakika tatu, au anayeiacha isomwe na mtu mmoja kwa haraka kama tangazo, ameliondoa jibu akaliacha swali peke yake.

Kalenda hii ina mapungufu, nami sitayafunika. Tazama tena zile namba: mistari 1-12, halafu 23-24. Mistari ya 19 hadi 22, ambapo mtunzi anataka waovu wauawe na anatangaza kuwachukia kwa chuki kamili, haisomwi, si Jumapili hiyo wala nyingine yoyote ya miaka mitatu. Mtu aliyeporwa shamba angepata maneno yake mle. Kitabu cha Waamuzi kinasomwa mara moja tu katika miaka mitatu, mistari saba ya Debora. Esta vilevile mara moja. Majuma ya Pasaka somo la kwanza hutoka Matendo, hivyo kwa muda huo Agano la Kale husikika katika zaburi peke yake. Na zaidi ya hayo, muumini anayekuja Jumapili mbili kwa mwezi hupoteza mfululizo wote ninaousifu. Sina hakika kwamba kwa kusanyiko changa masomo manane ya kitabu kimoja, yakihubiriwa na mtu mmoja, hayangefaa zaidi. Nadhani kalenda inashinda kwenye sakiti yenye wahubiri kumi na watano, kwa kuwa inawaweka katika ukurasa mmoja bila mikutano. Nadhani tu.

Muda. Ibada ya muda wa saa mbili ni dakika 120, si zaidi: kukusanyika na nyimbo za mwanzo 15, maombi ya sifa na toba 8, masomo na zaburi 12, kwaya tatu dakika sita sita 18, mahubiri 25, ukimya baada ya mahubiri 5, maombezi 10, sadaka 12, matangazo 10, wimbo wa mwisho na baraka 5. Ushirika wa watu 150 unaongeza dakika 25 hivi, kwa hiyo siku hiyo kwaya iwe moja, mahubiri 15, matangazo 5. Lita moja ya maji ya zabibu hutosha vikombe vidogo 80 vya mililita 12. Matangazo yapitie kwa karani kabla ya Ijumaa, yasome mtu mmoja. Kila anayeinuka "kuongezea kidogo" anakula dakika za maombezi. Na masika zipange ukijua mabati yako. Mvua ikishuka zaburi ya kuitikiana haisikiki hata benchi la tatu, mhubiri akipaza sauti anachoka bure. Uwe na nyimbo tatu ambazo watu wanazijua bila kitabu, uimbishe hadi ipungue.

Ile dakika tano ya ukimya isiguswe na mtu wa kinanda. Kusanyiko lililozoea kelele litakohoa mara mbili tatu za kwanza, kisha litatulia.

Mafundisho ya katikati ya juma watu huyageuza mahubiri ya pili. Makundi ya Wesley, yaliyoanza Bristol mwaka 1742 katika kukusanya peni moja kwa juma kulipa deni la jengo, yalikuwa na watu kama kumi na wawili na kiongozi aliyewauliza hali ya roho zao. Kwa hiyo watu nane hadi kumi na wawili, dakika 60: kusoma kwa sauti mara mbili, wasomaji tofauti, mara ya kwanza tafsiri ya Union Version na ya pili ile ya Habari Njema, 10, nini kimeandikwa, 15, kilisemwa kwa nani, 10, kinatudai nini, 15, kuombeana kwa majina, 10. Kiongozi akizidisha robo ya maneno yote, kundi limekufa. Wasome andiko la Jumapili iliyopita au ijayo? Nimewahi kutetea ijayo, ili waje kanisani wameshalitafuna. Siku hizi naegemea iliyopita, kwa sababu mhubiri hubaki na deni la kuulizwa.

Pakitokea msiba mkubwa au mafuriko kijijini, mpango uwekwe kando bila kuomba radhi kwa mtu, isomwe Zaburi 13 au 88 na maombezi yapewe nusu saa. Anayebadilisha amwambie kwanza kiongozi wa kwaya, halafu msomaji, halafu mwalimu wa watoto, ikiwezekana kabla ya Alhamisi jioni.