Je, wajua gauni la bibi wa Kipalestina hutajaje kijiji alichofukuzwa?

Zamani, mwanamke akipita sokoni Jaffa au Ramallah, wenye macho walijua katoka wapi kabla hajasalimia. Walisoma thobe yake, lile gauni refu lililodariziwa kwa mkono, hasa kifuani.

Iliwezekana kwa sababu msichana alifundishwa sindano angali mdogo, na mama, bibi na majirani wa kijiji kilekile, akajishonea nguo za harusi yake kwa miaka. Kila mahali pakawa na mkono wake. Ramallah walipenda hariri nyekundu juu ya kitani nyeupe. Bethlehem walilaza nyuzi za dhahabu juu ya kitambaa, wakazizungusha na kuzikaza kwa mishono midogo. Kwingine walishona miti ya saipresi, miezi, na pembetatu za hirizi za kumkinga mvaaji. Kusini, baadhi ya wajane walidarizi kwa uzi wa buluu badala ya mwekundu.

Mwaka 1948 mambo yakavurugika. Katika Nakba, yaani “maafa”, jina wanaloliita Wapalestina tukio la kufukuzwa kwao katika vita vya kuundwa kwa Israeli, Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila watu wake. Wanawake wengi walifika makambini na nguo walizovaa tu. Wapo waliouza thobe za harusi ili watoto wale, na mimi hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii yote.

Ila gauni lina siri moja: kitambaa huchakaa kabla ya nakshi. Thobe ilipochanika, mwenyewe alikibandua kipande cha kifuani, akakishona kwenye gauni jipya. Ndiyo maana unaweza kukuta kifua kikuukuu, cha mkono wa bibi, juu ya sketi iliyoshonwa miaka mingi baadaye.

Binti aliyezaliwa kambini, Jordan au Lebanon, alikuwa na jirani wa kijiji kingine kabisa. Wakaangaliziana na kuchukuliana nakshi. Hariri ilikuwa ghali, wakatumia pamba ya Kifaransa, ambayo ilikwisha kuingia Palestina kabla ya vita pamoja na vitabu vyenye maua na ndege wa Ulaya. Ikazuka thobe ya matawi sita, yaani mistari sita ya nakshi inayoshuka kwenye sketi. Hiyo haikutaja tena kijiji kimoja. Wapo wanaosema nakshi za kambini si za asili. Sikubaliani nao hata kidogo: nakshi zilibadilika kwa sababu wenyewe walihamishwa, na zinaeleza hilo waziwazi.

Kizazi kilichofuata kilikwenda mbali zaidi. Katika intifada, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya ukaliaji wa Israeli, iliyoanza 1987, Israeli ikiwa imepiga marufuku bendera ya Palestina katika maeneo iliyoyakalia, wanawake waliidarizi kwenye thobe zao, pamoja na ramani ya nchi. Bendera ya mlingotini inashushwa, lakini ya kifuani askari ataishushaje?

Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza udarizi huu katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka miwili kabla, Januari 2019, Rashida Tlaib, binti wa wahamiaji wa Kipalestina, aliapishwa kuwa mbunge wa Marekani akiwa amevaa thobe ya mama yake. Siku hizo wanawake wa Kipalestina kutoka nchi mbalimbali walijaza mitandao picha za thobe zao, za mama zao na za bibi zao.